Kuku Jike Akiwika

Nilikuwa na miaka tisa hivi siku kuku wa nyanya alipowika. Si jogoo. Jogoo tulikuwa naye, mzee mmoja mwenye jicho moja, na kazi yake aliifanya kila alfajiri bila kukumbushwa. Huyu alikuwa mtetea wa rangi ya majivu, mtagaji mzuri, ameshaangua mara mbili. Saa nne mchana, uani kwetu Kisauni, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha shingo, akatoa sauti ambayo haikuwa ya jogoo wala ya kuku.

Nyanya aliweka ungo chini. Hakukasirika. Alimwita kijana wa jirani aje na kisu. Nilipouliza kuku amekosa nini, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hulowesha: "Kuku mke hawiki, mwanangu. Akiwika ni mkosi. Huchinjwa siku iyo hiyo."

Tulimla na wali wa nazi. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nilimsahau yule kuku kwa miaka mingi. Alinirudia nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimelala kitandani chumba kile kile cha Kisauni, nimeacha chuo mwaka wa tatu, sina kazi, nina simu yenye kioo kilichopasuka na bando la usiku. Nilikuwa napekua tu, nikakutana na jina la kitabu: When Hens Begin to Crow. Kuku majike wanapoanza kuwika. Nikakaa. Nikajiambia, kumbe hata Uganda huchinjwa.

Kitabu kilitoka mwaka 1999. Mwandishi wake ni Sylvia Tamale, na tangu usiku ule nimekuwa nikimsoma kama watu wengine wanavyofuata mfululizo wa runinga: nikipata faili nasoma, nikikwama narudi nyuma. Alisoma sheria Makerere, akaenda Harvard kwa uzamili, kisha akachukua uzamivu wa sosholojia na masomo ya ufeministi katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1997. Akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa Kitivo cha Sheria cha Makerere, kazi aliyoifanya mpaka 2008. Ukiwauliza watu wa vyeti, watakuambia huyu ni mwanasheria na mwanasosholojia. Mimi namwita mwanafalsafa, manake swali analolirudia katika kila anachoandika ni swali la falsafa: hivi mila ni ya nani, na nani alimpa huyo ruhusa ya kuisemea?

*

Kitabu cha kuku kinahusu bunge. Uganda ilianza mwaka 1989 kutenga kiti cha mwanamke kwa kila wilaya, na Tamale alitaka kujua nini hutokea mwanamke akishaingia ndani. Jibu lake halikumfurahisha mtu. Kiti kinachotolewa na wakubwa, anaonyesha, humfanya anayekikalia awatazame wakubwa. Na nyumba iliyojengwa na wanaume kwa mazoea ya wanaume haibadiliki kwa sababu tu umeongeza viti. Lakini pia hasemi kwamba viti havina maana. Wanawake wale walifanya kazi, walitunga hoja, walijifunza kuwika. Anakataa tu tusherehekee mapema.

Sisi wa huku tunaelewa bila kufafanuliwa. Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu limeshindwa kutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo. Bunge halikuvunjwa. Wakati huo huo, Likoni wanaye Mishi Mboko, aliyeanza 2013 kama Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti ya Mombasa, kisha 2017 akagombea kiti cha kawaida cha ubunge na kukichukua, na 2022 akakichukua tena. Kwa hiyo mtu anaweza kuingia kwa mlango wa pembeni na kutokea wa mbele. Tamale mwenyewe angekubali, nadhani, ila angeuliza: na nyumba je, imebadilika?

Agosti 2019 tulipata jibu. Zulekha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, hapo ng'ambo ya Likoni tu, aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano. Akaamriwa atoke. Sheria za Bunge haziruhusu mgeni kuingia ukumbini, na mtoto alihesabiwa kuwa mgeni. Nakumbuka nilivyoangalia ile video kwenye matatu ya Bamburi. Utingo akacheka akasema, "Si angemwacha na yaya?" Hakuna aliyemjibu, nami nikiwemo. Lakini tazama hoja yenyewe ilivyokaa. Hakuna aliyesema mwanamke asiwe mbunge. Walichosema ni kwamba aje peke yake, yaani aje kama mwanamume. Kuku anaruhusiwa kuingia, bora asiwe kuku.

*

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa Likoni, upande wa Mtongwe. Siku tatu kabla ya harusi alikalishwa chini kufundwa, nasi jamaa wa kike tukaitwa. Nilipanda matatu mpaka mjini, nikavuka feri, na njia nzima nilikuwa nikijiandaa kukasirika. Nilikuwa nimesoma, eti. Nilijua nitakachosikia: mtii mume, nyenyekea, vumilia. Nilikuwa nimeshatunga kichwani hata makala ya kuponda.

Somo alikuwa mama mmoja mkubwa kwa umri kuliko nyanya, mwembamba, sauti ya chini. Binamu alikuwa amepakwa singo, amefunikwa leso, udi unafuka. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kama nilivyotarajia. Mpokee mumeo kwa uso mkunjufu. Usipaze sauti majirani wakasikia. Siri ya ndani isivuke kizingiti. Wale mashangazi wakawa wanaitikia kwa vigelegele, mimi nimenuna kwenye kona.

Halafu Somo akawatoa wasichana wadogo. Akafunga mlango mwenyewe. Akashusha sauti, na maneno yakabadilika.

Alimwambia binamu: mahari ni yako. Si ya babako, si ya nduguzo, na mumeo akikwambia mtumie pamoja, mwambie utafikiria. Alimwambia: uwe na kibindo, pesa asiyoijua yeye, hata kama ni shilingi hamsini za mahamri kila siku. Alimwambia mambo ya mwili ambayo siwezi kuyaandika hapa, lakini muhtasari wake ni kwamba raha ya kitandani ni haki ya wawili, na mwanamke asiyejua mwili wake ataishi kwa kubahatisha. Mwisho akamshika kidevu akasema:

"Akikuinulia mkono, mara moja tu, ndoo kwangu. Usiende kwa mamako. Mamako atakurudisha."

Mama yake binamu alikuwa amekaa hapo hapo. Hakusema neno. Aliangalia mkeka.

Nilirudi Kisauni makala yangu imeharibika.

*

Usiku ule nilifungua tena kazi moja ya Tamale iliyotoka mwaka 2005 katika jarida la Feminist Africa. Inahusu ssenga. Kwa Waganda, ssenga ni shangazi, dada wa baba, ambaye kazi yake ni kumwandaa binti kwa ndoa na mambo ya unyumba. Siku hizi, anaeleza, ssenga ametoka nje ya ukoo: yuko redioni, yuko kwenye safu za magazeti, kuna ssenga wa kulipwa. Watetezi wengi wa haki wangeona taasisi hii wakasema, hapa ndipo mwanamke anapotengenezwa kuwa mtumwa, ifutwe. Wanamila wangesema, huu ni urithi, usiguswe. Tamale aliketi na hao wanawake akawasikiliza, akarudi na jambo ambalo halimridhishi yeyote kati ya hao wawili. Ssenga hufundisha utii, ndiyo. Na ssenga huyo huyo hufundisha jinsi ya kupata raha, jinsi ya kuwa na pesa zako, jinsi ya kupindisha amri ambayo huwezi kuivunja. Chombo kimoja kina makali mawili.

Aligusa hata jambo zito. Waganda wana desturi ya wasichana kuvuta mashavu ya uke, na Shirika la Afya Duniani liliiweka desturi hiyo katika kundi moja na aina za ukeketaji. Tamale hakukubali ihukumiwe kutoka mbali bila kuwauliza wanawake wenyewe inawafanyia nini, wakati wengi wao waliiona kama sehemu ya raha yao. Unaweza kubishana naye hapo. Mimi mwenyewe bado najiuliza, kwa sababu msichana anayefanyiwa huwa mdogo, na raha ya mtu mzima haimjibii mtoto. Lakini nilipenda alivyokataa njia ya mkato. Miaka mitatu baadaye, 2008, aliandika hoja hiyo wazi zaidi: tumefundishwa kwamba mila na haki ni maadui, uchague moja, na mafundisho hayo ndiyo mtego. Mwanamke akiambiwa achague kati ya haki zake na watu wake, wengi watachagua watu wao, na nani atawalaumu?

Nikamfikiria Somo wa Mtongwe. Mlango ulipokuwa wazi alisema maneno ya jamii. Alipoufunga akasema yake. Yote mawili ni mila. Hakuna aliyemtuma kutoka Geneva.

Hapa nakumbuka pia Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995. Alizunguka vijijini kuwahoji wazee ili kuonyesha kwamba Afrika ina wanafalsafa hata wasiojua kusoma, watu wanaohoji mila yao wenyewe na si kuikariri tu. Kitabu chake kuhusu hao wahenga kilitoka 1990, na wengi wa aliowahoji ni wazee wa kiume. Kazi kubwa ile, siidharau. Lakini kipimo chake mwenyewe, kwamba mhenga ni yule anayekaa ndani ya mila na bado anaweza kuipinga kwa hoja, Somo anakifikia akiwa amekaa kwenye mkeka. Shida ni kwamba yeye hupinga mlango ukiwa umefungwa. Mtafiti akija na kinasa sauti atapewa ile nusu saa ya kwanza.

Ndiyo maana kitabu kama kile cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na baadaye kwa Kiswahili, kina thamani kwetu watu wa Mombasa. Wanawake watatu wa mji huu, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanasimulia maisha yao kwa maneno yao. Mtu aliwasikiliza mlango ukiwa umefungwa.

*

Lakini makala ingeishia hapo ingekuwa tamu kama yule kuku, na ingeniudhi vile vile.

Kwa sababu kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Kama Somo anajua yote hayo, mbona ni siri? Kibindo kinamsaidia binamu yangu. Hakibadilishi chochote kwa msichana wa nyumba ya pili ambaye hana somo, au ambaye somo wake huishia kwenye nusu saa ya kwanza. Mafundisho ya siri huacha kanuni ya nje imesimama kama ilivyokuwa. Tena kanuni ile ya kwanza, siri ya ndani isivuke kizingiti, humfunika mpigaji pia.

Tamale alichagua kusema mlango ukiwa wazi, na gharama yake inajulikana. Mwaka 2003 alisema hadharani kwamba tume ya usawa wa fursa iliyokuwa ikipangwa Uganda iwalinde pia watu wa mapenzi ya jinsia moja. Alitukanwa magazetini na redioni, na wapinzani wake wakampachika cheo cha mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka. Mwaka uliofuata ndio akawa mkuu wa kitivo. Si lazima ukubaliane naye katika hilo ili uone kwamba alijua atakachopata kabla hajafungua mdomo, na akaufungua.

Oktoba 2016 alitoa mhadhara wake wa uprofesa Makerere. Mada: uchi, maandamano na sheria. Miezi michache kabla, mtafiti Stella Nyanzi alikuwa amevua nguo chuoni hapo hapo kupinga kufungiwa ofisi yake, na nchi nzima ikazungumzia matiti badala ya ofisi. Tamale aliuliza swali ambalo wengi walilikwepa: kwa nini mwili huo huo ukivuliwa na wanaume ni adabu inafunzwa, na ukivuliwa na mwenyewe ni aibu? Sisi Kenya tunayo mifano yetu. Machi 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa walivua nguo Uhuru Park mbele ya polisi waliokuwa wakiwapiga. Na 2014, wanawake walivuliwa nguo kwa nguvu kwenye stendi za matatu, video zikasambaa, wenzao wakaandamana Nairobi mwezi Novemba, na kabla mwaka haujaisha sheria ya adhabu ikaongezewa kifungu cha 251A: ukimvua mtu nguo, kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu kile hakikuletwa na kibindo. Kililetwa na watu waliopiga kelele barabarani.

Basi nani ana haki, anayenong'ona au anayewika?

*

Hapa inabidi niseme langu.

Nyumbani wanajua niliacha chuo kwa sababu ya karo. Karo ilikuwa kweli. Nyanya aliuza kabati, mama alichukua mkopo wa chama, na bado palikuwa na pengo. Lakini pengo lile tungeliziba. Kilichonitoa ni mhadhiri mmoja aliyekuwa na alama zangu mkononi na alitaka nizifuate nyumbani kwake. Sikwenda. Alama zikapotea. Nikaenda ofisi moja, nikaambiwa niandike barua, na karani akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu akaniuliza, "Una hakika unataka kuandika?" Sikuwa na hakika. Sikuandika. Muhula ulipoisha nilifunga virago nikasema karo.

Sitaji chuo wala mtu. Najua sura ya jambo hili kwenye karatasi: neno langu dhidi ya neno lake, na mimi sina barua hata moja.

Miaka yote hii nilijiambia nilifanya kama Somo anavyofundisha. Nilijilinda. Sikumvunja moyo nyanya. Sikulitia jina langu mdomoni mwa watu. Na siamini kwamba nilikuwa mwoga, wala simwiti mwoga msichana yeyote aliyefunga virago. Mtu anayekuambia ungesema, mara nyingi hana cha kupoteza wewe ukisema.

Lakini baada ya Mtongwe nilianza kuipima siri yangu kando ya siri za Somo, na hazikulingana. Nikajiuliza swali jepesi: siri hii yamlinda nani? Siri ya kibindo inamlinda binamu yangu dhidi ya mtu mwenye nguvu kumzidi. Siri yangu ilimlinda nani? Ilinilinda mimi, kidogo, sikatai. Ilimlinda nyanya na majirani. Na ilimlinda yeye, kabisa, bila gharama. Kwa hiyo swali langu jepesi halitoshi, kwa sababu siri moja inaweza kuwalinda dhaifu na mwenye nguvu kwa pamoja. Ikabidi niongeze la pili: na kesho, nani atalipa?

Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Siri ya Somo, mwisho wake, hupokezanwa. Anaitoa kwa binamu, binamu ataitoa kwa bintiye. Ni siri inayotembea, inaenda kwa yule anayeihitaji. Yangu ilikuwa imekaa. Nilikuwa nimeifungia chumbani Kisauni nikaita hiyo busara.

Katika kitabu chake cha 2020, Decolonization and Afro-Feminism, Tamale anaegemea sana ubuntu, sisi tungesema utu: kwamba mtu ni watu. Anaona hapo msingi wa haki ulio wetu, badala ya haki za kuagiza zinazomchukulia kila mtu kama kisiwa. Mwanzoni nilisoma sura zile kwa mashaka. Manake nimesikia utu ukitumika vibaya. Vumilia kwa ajili ya familia. Nyamaza kwa ajili ya jina la ukoo. Mtu ni watu, na ajabu ni kwamba huyo mtu anayebebeshwa watu huwa ni mwanamke. Lakini ukiuchukua utu kwa uzito, unakata upande wa pili pia. Kama mtu ni watu, basi msichana atakayeketi kwenye kiti nilichokiacha ni wangu. Sijui jina lake, lakini ni wangu.

Na bahati mbaya, jina lake nilikuwa nalijua.

*

Mdogo wake binamu, yule aliyetolewa nje Somo alipofunga mlango, alikuwa amepata barua ya chuo. Chuo kile kile. Idara ile ile. Kila mtu harusini alikuwa akimpongeza, na mama yake alikuwa akiniambia, "Wewe ndiwe mkubwa wake huko, umwelekeze, mwanangu," bila kujua anachoniomba.

Siku ya pili yake tulitumwa mjini sisi wawili kununua asmini na vikuba vya bibi harusi. Asubuhi, feri imejaa, watu bega kwa bega, mikokoteni ya matunda, mtoto analia mahali fulani. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu na safari ni dakika chache tu. Nilikuwa nimeamua kumwambia tukifika sokoni. Halafu nikaona nitaamua hivyo hivyo mpaka aende Septemba.

Nikamwambia pale pale, tumesimama kwenye reli, kwa sauti ya kawaida kwa sababu injini haikuruhusu kunong'ona. Nilimwambia jina. Nilimwambia ofisi aliyoniambia nije, na saa ngapi. Nilimwambia asiende peke yake popote kufuata alama, na kila anachoandikiwa akihifadhi, na akifika kwa karani akaulizwa kama ana hakika aseme ninayo, na mimi nitakuja. Nilimwambia kwamba niliacha kwa sababu hiyo, si karo tu. Mwanamume mmoja wa makamo aliyeshika baiskeli alikuwa akisikia yote. Aliangalia maji.

Binti alinyamaza mpaka feri ikaanza kupunguza mwendo. Nilidhani atalia, au ataniuliza kama nina uhakika. Alitoa simu.

"Jina lake la pili huandikwaje?" akaniuliza.

Nikamtajia herufi moja moja. Aliandika, kisha akaniuliza kama kuna mwingine. Nikamwambia simjui mwingine, lakini aulize wasichana wa mwaka wa tatu, mlango ukiwa umefungwa.

Je, hilo ni kuwika? Sijui. Sikwenda barabarani, sikusimama mbele ya maprofesa kama Tamale. Nilisema jambo kwenye feri, kwa mtu mmoja, na baiskeli moja ikasikia. Nyanya bado hajui. Nimeamua kumwambia kabla hajasomewa haya na mtu mwingine, na naogopa siku hiyo kuliko nilivyomwogopa yule mhadhiri.

Jana nilimuuliza kama bado anamkumbuka kuku wa rangi ya majivu. Anamkumbuka. Nikamuuliza mkosi gani ungetokea kama tungemwacha. Alifikiria sana, akiwa ameshika ungo.

"Kusema kweli," akasema, "hakuna aliyewahi kungoja kuona."